Kuni za Matanga

Majirani zangu hapa Butembo wakishaonyeshwa picha ya mgongo hospitalini, huja kwangu kabla ya kwenda kwa mchungaji. Wanajua kwamba nilimuuguza mama. Wanataka niwaambie kuwa upasuaji ni jambo dogo: unalala, unaamka, unarudi nyumbani. Siwaambii hivyo. Nawaambia kisu ndicho chepesi kuliko yote, maana saa ya kisu umelala na hujui lolote. Shida inakungoja nyumbani, kwa watu wanaokupenda. Wengine hununa na kusema mama huyu ana mdomo mchungu. Ni kweli, ninao.

Mama alianza kuumwa mwaka wa uhuru. Tulikaa upande wa Vuhovi, kwenye mlima wa maharage na viazi. Baba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza na msichana pekee, nina miaka kumi na minne, na nilikuwa nimesoma kwa wamisioni kiasi cha kujua Kiswahili vizuri. Mama alijua Kinande tu, pamoja na Kiswahili cha kuuliza bei ya chumvi. Wakati watu wanacheza barabarani kwa sababu ya dipanda, huo uhuru, mama alikuwa anashika ukuta ili ainuke. Maumivu yalikuwa katikati ya mgongo, pale kitunga kinapokaa, nayo yalizunguka mbavu mpaka mbele kama mshipi uliokazwa kupita kiasi.

Kwetu mwanamke hubeba kwa mgongo, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Anabeba kuni, anabeba viazi, anabeba maji, na mtoto juu yake. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na jibu kabla ya kuulizwa: mwanamke gani hana mgongo unaouma? Wazungu wa serikali walikuwa wameondoka, na infirmier, muuguzi aliyebaki kwenye zahanati, alikuwa na vitu viwili tu, aspirini na pomade ya kupaka. Alimpa mama vyote viwili na kumwambia apumzike siku ya Jumapili. Mganga naye alimpiga chuku, akamwachia makovu ya duara ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasonya. Hivyo miaka mitatu ikapita.

Mwaka wa tatu kinundu kilitokea mgongoni, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Kisha miguu ikaanza kukakamaa na kujikwaa. Siku moja mama alikanyaga kaa la moto jikoni, akaendelea kusonga bugali. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilipomsukuma aliniuliza kwa hasira kama nimerukwa na akili, kisha akatazama chini na kuona mguu wake. Hakulia. Mimi nililia.

Hapo watu wakaanza kutafuta mwenye kosa, maana kwetu ugonjwa mrefu haukosi kutafutiwa mtu. Wakampata nyanya, mama yake baba. Yeye na mama waliwahi kugombania mpaka wa shamba la maharage, asubuhi moja tu, na jioni wakala sahani moja. Mama alimpenda mkwe wake kuliko wanawake wengi wanavyowapenda mama zao. Lakini maneno hayana breki. Kilima kizima kikanong'ona kwamba bibi kizee amekula mgongo wa mkamwana wake, na nyanya akayasikia, akaacha kuja kwetu kwa aibu. Mama alimfuata kwake akitambaa na fimbo, akakaa naye uani mchana kutwa, ili wapita njia wawaone.

Baba alipoona fimbo moja haitoshi tena, wanaume wanne walimbeba mama kwa kipoyi, machela ya miti, hadi Butembo. Kutoka pale alituchukua msafirishaji mmoja Mwislamu wa Beni aliyekuwa anarudi na lori lake la maharage. Alipanga magunia yawe sawa kama meza, akatandika godoro lake mwenyewe juu, na kila penye shimo aliendesha taratibu mpaka abiria wengine wakalalamika. Aliwajibu, "Munakuwa na migongo muzima, nyamazeni." Alituvusha Beni, akatupeleka mpaka hospitali ya misheni iliyokuwa ukingoni mwa msitu, ng'ambo ambako yeye hakuwa na biashara yoyote.

Daktari alikuwa mzungu wa makamo, mwembamba, anaongea Kiswahili cha kwetu bila kutafuta maneno. Alimchoma mama kwa pini kuanzia vidole vya miguu kwenda juu, na mama hakusikia kitu mpaka karibu na matiti. Kisha akainua picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa, kwenye dirisha.

"Mama iko na TB. Si ya kifua, ni ya mifupa," aliniambia. "Hapa katikati ya mugongo, mifupa mbili imeoza. Usaha inasukuma ile kamba ya nerfs, ile mishipa yenye inatuma miguu. Donc nitapita hapa kando, nitakata kipande ya lubavu, nitatosha usaha. Kisha kile kipande nitakitia pale penye iliozea, mifupa ishikamane. Unasikia? Umuambie yote, hapana ficha."

Nilimwambia mama yote kwa Kinande. Alikuwa na maswali matatu, nami nikawa katikati yao, napeleka na kurudisha.

Aliuliza kama atatembea. "Pengine," daktari alisema. "Kama tungechelewa tena mwezi mbili, ningesema hapana."

Aliuliza kama mgongo utanyooka. "Hapana. Kinundu kitabaki. Mimi napigania miguu, si uzuri."

Akauliza lini atabeba. Daktari alinyanyua kidole kimoja. "Mwaka muzima, hata sufuria ya maji hapana. Ule mufupa ni kama ukuta ya udongo mubichi. Kisha tutapiga radio ingine, nitaona. Akibeba mbele mwaka haijaisha, inavunjika, na mimi sina dawa ya pili."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Aliniambia nimweleze mzungu kwamba kwetu hata mwenye mimba ya miezi tisa hubeba. Sikumtafsiria hilo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliona aibu ya kijinga mbele ya koti jeupe.

Walimpasua siku ya Jumanne. Nilikaa nje na wagonjeshaji wenzangu, kwa maana hospitalini kwetu mgonjwa hupikiwa na kufuliwa na mtu wake. Nilifua shuka ileile mara tatu. Walipomtoa, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na mpira mwembamba ulitoka ubavuni ukidondosha maji machafu kwenye chupa. Nilifikiri amekufa na kwamba hawajui. Alipoamka alisema jambo moja: mbavu zinauma kuliko mgongo. Daktari alisema ndivyo inavyokuwa, na kwamba kwa juma mbili kila kikohozi kitakuwa adhabu. Hakudanganya hata kwa siku moja.

Kisha ilikuja miezi mitatu ambayo hakuna anayeisimulia mtu akiulizia upasuaji. Mama alilala katika kitanda cha plasta, kimetengenezwa kwa umbo la mgongo wake kama ganda la karanga. Hakuruhusiwa kuketi wala kujipinda. Tulimgeuza watu wanne, mmoja kichwani akihesabu, na sote kwa pamoja kama watu wanaobingirisha gogo, ili uti wa mgongo usijizungushe. Nilipitisha mkono chini yake asubuhi na jioni kutafuta mahali panapotaka kuchubuka. Alichomwa sindano kila siku mpaka makalio yakawa magumu. Miguu, kabla ya kupona, ilianza ukorofi: iliruka yenyewe na kupiga kitanda, na mama alijifunika uso kwa aibu. Daktari ndiye aliyefurahi. "Inaamuka," alisema. "Mutu anaamuka na makelele."

Juma la sita mama alisema anatembelewa na siafu miguuni. Tukatazama, hakukuwa na siafu. Juma la saba kidole gumba cha kulia kilijikunja alipokiamuru. Nilipiga kelele wodi nzima ikaamka, na mama akaniambia nipunguze sauti, wengine wana wagonjwa. Alipoketi mara ya kwanza alizimia. Alipozoea kuketi alisimama kati ya mabenchi mawili, akitetemeka, na hatimaye akatembea hatua nne akinyanyua miguu juu kama mtu anayevuka mto wenye mawe. Walimvalisha gamba la plasta kutoka kwapani mpaka kiunoni, daktari akaandika juu yake kwa penseli mwezi wa kulivua, na tukarudi nyumbani. Mama alipanda mlima wetu kwa miguu yake. Nyanya alikuja kumlaki njiani, wakashikana mikono.

Nasema haya ili ijulikane: upasuaji ulifaulu. Mgongo ule ulikuwa umepona.

Miezi miwili baadaye waasi walifika. Waliteka Beni, wakateka Butembo, na wamisioni wote wakavuka mpaka kwenda Uganda, daktari akiwa miongoni mwao. Simlaumu, wangemuua. Sisi tulishuka kujificha mabondeni, kwenye mianzi na baridi. Ilisemekana kwamba waasi wakimkuta mtu na kitu chochote cha wazungu wanamwita msaliti. Basi baba akalikata gamba la mama kwa kisu kabla ya mwezi wake, polepole, akimwagia maji ya moto. Kwa lile namlaumu, kidogo tu. Bila gamba mama bado alitembea, akiwa mwangalifu, na mimi nilibeba kila kitu cha nyumba yetu.

Nyanya alikufa kule bondeni. Hakuuawa na bunduki, aliuawa na baridi na kukosa chakula. Tulimzika kimyakimya, na waasi waliposogea mbali tukarudi kijijini kuweka matanga kama inavyopasa.

Kwetu, kwenye matanga, kila mkamwana wa marehemu huleta mzigo wa kuni. Anaubeba mwenyewe kutoka kwake, anauweka mbele ya mlango watu wote wakiona, na moto wa wanaoomboleza huwashwa kwa kuni hizo. Mzigo ukiletwa na mtu mwingine unahesabiwa kuwa wa yule mwingine. Na mkamwana anayekuja mikono mitupu anasema jambo moja tu, hata asipofungua mdomo: kwamba marehemu alikuwa mchawi na alimdhuru. Hakuna namna nyingine ya kulielewa.

Niliona jambo hilo likija toka mbali. Nilimwambia baba azungumze na wazee, awaeleze maneno ya daktari. Baba, ambaye Jumapili alihubiri kwamba uchawi hauna nguvu juu ya watu wa Mungu, alitazama mikono yake na kusema kwamba desturi za wanawake ni za wanawake. Nikamwendea shangazi, dada yake baba, binti wa marehemu. Yeye alikuwa ameolewa Butembo mjini na alipenda kutuonyesha Kiswahili chake hata pale ambapo Kinande kingetosha.

"Mama yako alipona ao hakupona?" aliniuliza.

"Alipona, shangazi. Mais daktari alisema mwaka muzima."

"Kama alipona, kuni iko wapi? Kama hakupona, basi batu balisema kweli juu ya mama yangu. Chagua moja."

Aliyasema kwa sauti, uani, mbele ya wanawake waliokuwa wanamenya viazi. Hakuna aliyeinua macho. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hayo aliyaelewa.

Siku iliyofuata aliniambia nimkatie kuni. Nilikataa. Alisema basi atakata mwenyewe, na kuinua shoka ni kubaya kuliko kubeba, sivyo? Alinijua. Nilikwenda, na kule porini nikapata akili niliyoiona nzuri sana. Nilikusanya mabua makavu ya mahindi, nikayafunga katikati, kisha nikayazungushia fito nyembamba za kuni nje, mpaka mzigo ukawa mnene wa kupendeza na mwepesi kama kitanda cha kuku. Hakuna mtu angejua. Angeutua mlangoni, mimi ningekuwa wa kwanza kuufungua na kuusukuma motoni.

Mama aliuinua kwa mkono mmoja, akautua, akanitazama. Alifungua kamba. Mabua yakamwagika.

"Unataka nimdanganye huyu?" alisema. "Mama mkwe aliacha kuja kwangu miezi mingi kwa sababu ya uongo wa watu. Leo amelala, na mimi nimpelekee uongo wangu?"

Nilimwambia marehemu haoni. Nilimwambia maneno ya daktari neno kwa neno, kwamba hana dawa ya pili. Nilimkumbusha miguu yake. Alisikiliza mpaka nilipomaliza, kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri. Kisha akasema kwamba miguu ni yake, na jina la yule mama si lake kulitupa.

Ningeweza kukimbia na ile kamba. Ningeweza kulala chini na kupiga kelele. Nimeyafikiria mengi ambayo ningeweza kufanya, nimekuwa na muda wa kutosha. Nilichofanya ni hiki: nilifunga kuni za kweli, si nyingi, lakini za kweli. Nilimchuchumaza mama mbele ya mzigo, nikamwekea mkanda kwenye paji la uso, nikaulainisha kwa kitambaa usimkate, nikashika mzigo kwa nyuma na kusema moja, mbili, tatu, kama tulivyokuwa tukihesabu hospitalini. Akainuka.

Alitembea kilima kimoja na nusu. Nilimfuata nyuma mikono yangu ikiwa chini ya mzigo bila kuugusa, kwa sababu alinikataza kuugusa. Alifika, akapiga magoti, akautua mbele ya mlango vizuri kuliko wakamwana wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi alimkumbatia na kulia, na nadhani alilia kweli. Baba alisimama pembeni akitabasamu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijivuna. Nilimwangalia mama yangu amesimama wima kadiri kinundu kilivyomruhusu, nikafikiri pengine mzungu hajui kila kitu.

Siku tatu alikuwa mzima. Siku ya nne mshipi wa maumivu ulirudi kwenye mbavu. Siku ya saba alijikwaa mlangoni. Kabla ya mwezi kwisha nilimmwagia maji ya moto mguuni kwa bahati mbaya, naye akaendelea kuniuliza habari za mbuzi. Hospitali ilikuwa tupu, vitanda vimeibwa, na hakukuwa na mtu wa kushika kisu kuanzia kwetu mpaka mpakani. Tulimlaza juu ya ubao, tukamgeuza kama gogo, tukangoja. Waliokuja kumtazama walisema ni vita. Shangazi naye alisema ni vita. Vita ile ilibebeshwa mambo mengi ambayo haikuyafanya.

Mwaka uliofuata jeshi liliwafukuza waasi, na daktari akarudi. Msafirishaji yule wa Beni, aliyekuwa amebakiwa na lori moja tu, alitupeleka tena. Daktari alikuwa amezeeka sana kwa muda ule mfupi. Alimtambua mama kabla hajashushwa. Alimchoma kwa pini kuanzia vidoleni kwenda juu, akarudia, akarudia tena, kisha akaiweka pini mezani.

"Miguu hairudi tena," aliniambia. "Umuambie polepole."

Nilimwambia mama. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei aliyokwisha kuijua.

Daktari aliinua picha mpya dirishani na kuitazama muda mrefu. "Mais ilikuwa imeanza kushikamana muzuri," alisema. "Angalia hapa. Ilivunjika kwa nguvu. Nini ilifanyika? Nani alimubebesha?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema. Nilikuwa nimelibeba neno hilo karibu mwaka mzima na lilikuwa limefika kwenye ulimi. Mama alinishika mkono, akauliza mzungu anasema nini, nikamtafsiria.

"Mwambie nilianguka," alisema. "Tulipokuwa tunakimbia waasi. Niliteleza mtoni."

"Mama."

"Tafsiri."

Nikatafsiri. Daktari aliandika kwenye karatasi yake, akaikunja, akatutazama wote wawili kwa huruma iliyonichoma kuliko pini.

"Basi haiko kosa ya mutu," alisema.

Mama aliniuliza amesema nini. Nikamwambia: anasema si kosa la mtu yeyote.

"Umesikia?" mama aliniambia, na hakuuachia mkono wangu.

Nilisikia. Aliishi miaka kumi na mmoja mingine, nikimgeuza asubuhi na jioni, na kila nilipomgeuza nilitaka aseme mara moja tu kwamba ni mimi niliyefunga ule mkanda, ili nami nipate cha kuombea msamaha. Hakusema.